Betri ya gari si betri ya sola

"Fundi, paneli imekufa, taa hazifiki hata saa tatu usiku." Napigiwa hivyo kutoka Ukerewe, Kome, Sengerema, na nikifika nakuta paneli nzima kabisa. Iliyokufa ni betri, tena mara nyingi ni ya gari.

Wateja wanasema betri ni betri, zote volti 12. Hapana jamani! Ya gari ina pleti nyembamba, imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake, halafu alternata inaijaza papo hapo. Ukiikamua kila usiku kwa TV na taa, pleti zinaganda salfeti, ule ukoko mweupe, na ndani ya miezi haishiki chaji. Ya sola ina pleti nene, lakini hata hiyo isishuke chini ya nusu. Betri ya Ah (ampia-saa) 100 ina takribani wati-saa 1,200, basi hesabu 600 tu. TV ya wati 40 na taa tano za wati 5, kwa saa tano, zinakula 325. Ukigeuza sebule kibanda umiza kwa saa kumi, umevuka hizo 600.

Halafu kontrola, kile kifaa kinacholinda betri, ikikata umeme, mtu anairuka, anaunga taa moja kwa moja kwenye betri. Ilikuwa inakukingia mali yako! Nunua mita ya volti, pima betri alfajiri vyote vikiwa vimezimwa: volti 12.2 ndiyo nusu.

Wavuvi wa dagaa mlioacha karabai mkahamia taa za betri, nanyi sikieni. Mbalamwezi ikiingia mnapumzika, betri inakaa tupu kwenye kona siku zote hizo. Hapo ndipo inapofia. Ijazeni kwanza, ndipo mpumzike.

Maji ya ndani ya betri yakipungua usiongeze asidi, wala maji ya ziwa. Ongeza maji safi ya betri.

Eti joto likizidi ndiyo umeme mwingi? Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguzia nguvu, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati yake na bati. Mawingu ya masika yanapunguza umeme, hayaukati.

Na msiielekeze mashariki. Mwanza tuko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, mvua ioshe vumbi, na ule mwembe unaoitia kivuli ukatwe matawi.