Nzi Waliomtambua Muuaji: Sayansi Iliyo Nyuma ya Tamthilia za Song Ci

Mtu ameuawa kando ya njia huko China. Mwili una majeraha zaidi ya kumi ya mundu, lakini nguo na vitu vyake vyote vipo. Ofisa aliyekwenda kuuchunguza akaona kwamba huo si unyang'anyi: mnyang'anyi huua ili achukue mali, na majeraha mengi namna ile ni ya mwenye chuki. Akamuuliza mjane kama marehemu aligombana na mtu. Mjane akamtaja mwanamume aliyekuja kukopa fedha, akanyimwa, akaondoka akitoa vitisho. Ofisa hakukimbilia kumkamata. Aliagiza miundu yote ya jirani iletwe, ikapata kama 70 au 80, ikapangwa chini. Ilikuwa msimu wa joto. Haukupita muda nzi wakajaa kwenye mundu mmoja, na mwenye mundu huo alikuwa yule yule mkopaji. Damu alishaifuta, harufu ilibaki.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha Song Ci, ofisa wa mashauri ya jinai wa China, cha mwaka 1247, mwongozo wa kuchunguza vifo ambao ndio wa kale zaidi uliosalia ukiwa kamili. Wengi wanamfahamu Song Ci kupitia televisheni. Kituo cha televisheni cha TVB cha Hong Kong kilimtengenezea tamthilia mwaka 1999, kisha mwaka 2005 ikaja Da Song Tixing Guan, ambamo He Bing ndiye Song Ci. Sisi tunaofanya kazi ya uchunguzi wa maiti huulizwa sana kama mambo ya aina hiyo yana ukweli. Mengi yanao. Ila tamthilia humsifu mtu mwenye akili nyingi, wakati kitabu chenyewe hakimwamini mtu yeyote, kinaamini utaratibu.

Song Ci alizaliwa mwaka 1186 Jianyang, mkoani Fujian. Hakuwa tabibu. Alikuwa msomi aliyefaulu mtihani mkuu wa dola mwaka 1217, akapanda vyeo hadi kusimamia mashauri ya jinai katika majimbo ya kusini. Aliowaona huko ni maofisa waliosimama mbali kwa kukwepa harufu, huku maiti ikishikwa na vibarua wa tabaka la chini ambao wangeweza kuhongwa waseme lolote. Mwongozo wake unamtaka ofisa asogee mwenyewe, apake mafuta ya ufuta puani, atafune tangawizi, aangalie kwa macho yake. Mafuta na tangawizi sisi hatutumii, lakini agizo la kusogea halijafutwa na mtu.

Chukua suala la kamba shingoni. Aliyejinyonga kwa kuning'inia, uzito wa mwili huvuta chini, hivyo alama hupanda kwa mshazari kuelekea nyuma ya masikio na kwa kawaida haikutani kisogoni. Aliyekabwa na mwingine kwa kamba, mara nyingi alama huzunguka shingo ikiwa imelala sawa. Song Ci ameeleza tofauti hii vizuri kiasi kwamba mwanafunzi wa leo angeweza kuanzia hapo. Anataka pia fundo liangaliwe, na mahali kamba ilipofungwa: je, vumbi la boriti limevurugika? Ndiyo maana polisi huwasihi ndugu wasifungue fundo wala kuosha mwili kabla uchunguzi haujafanyika. Najua inauma kumwacha mpendwa wako hivyo, tena dini inahimiza kuharakisha maziko. Lakini fundo likishafunguliwa halisemi tena lilivyofungwa.

Kwa waliokufa motoni, kitabu kinaelekeza kutazama mdomo na pua. Aliyekuwa hai moto ulipowaka huvuta moshi na masizi yakaingia. Aliyeuawa kwanza kisha akachomwa hana pumzi ya kuyavuta. Wachina walilijua hilo karne nyingi kabla. Hakimu Zhang Ju, katika karne ya 3, alichoma nguruwe wawili, mmoja hai na mmoja aliyechinjwa, akaonyesha kwamba majivu yamo mdomoni mwa yule wa kwanza tu. Mke aliyedai mumewe ameungua ndani ya nyumba akakiri kuwa alimuua. Siku hizi tunaangalia masizi ndani ya koromeo na kupima kaboni monoksaidi katika damu, lakini hoja ni ile ile.

Kuna na mwavuli mwekundu uliopakwa mafuta, unaopendeza sana kwenye kamera. Mifupa huoshwa, hufukizwa kwa pombe na siki, kisha hutazamwa juani chini ya mwavuli huo. Mfupa uliovunjika mtu akiwa hai huonyesha wekundu wa damu iliyoingia. Mwavuli huchuja mwanga, na nadhani huo ndio ujanja mzuri kuliko yote kitabuni.

Si kila kitu kitabuni ni sahihi, na hapa ndipo mtazamaji anapotakiwa kuwa macho. Sindano ya fedha inayogeuka nyeusi ikigusa sumu ni maarufu kwenye tamthilia za kale. Fedha hugeuka nyeusi kwa sababu ya salfa. Aseniki, sumu iliyotumika sana zamani, haikusafishwa vizuri, ilibaki na salfa. Kwa hiyo sindano ilibahatisha. Ukiichoma kwenye yai lililochemshwa itageuka nyeusi pia, na kwenye sayanaidi haitashtuka. Kudondosha damu ya mtoto juu ya mfupa wa mzazi, eti ikizama basi ni wa ukoo mmoja, hakuna ukweli wowote. Mfupa mkavu hunyonya damu ya mtu yeyote. Kazi hiyo leo ni ya vinasaba.

Jambo ambalo televisheni hulipita haraka ni makaratasi. Katika dola ya Song, yaani ukoo wa kifalme uliotawala China enzi hizo, kifo chenye shaka kilichunguzwa mara mbili, na ofisa wa pili hakuwa yule wa kwanza. Aliyechelewa kwenda aliadhibiwa. Tangu mwaka 1211 palikuwa na fomu yenye picha ya mwili, mbele na nyuma: jeraha lilichorwa kwa wino mwekundu mahali pake, likatajwa kwa sauti mbele ya wote waliohudhuria, na sahihi ziliwekwa pale tu ambapo hakuna aliyepinga. Mchoro kama huo, mbele na nyuma, bado umo kwenye fomu za uchunguzi wa maiti.