Maiki ndefu haivuti sauti

Mpiga video wa hapa Unguja akitaka kubadilisha maiki ya mahojiano huuliza kwanza: ipi inavuta zaidi? Swali hilo ndilo linalompoteza.

Dhana: shotigani, ile maiki ndefu yenye mrija, huvuta sauti ya mbali kama lenzi inavyovuta picha.

Haivuti kitu. Ule mrija una mianya ubavuni. Sauti ya mbele hupita moja kwa moja. Ya pembeni huingia kwenye mianya mingi kwa nyakati zinazopishana kidogo, mawimbi yakagongana na kufifishana. Kazi yake ni kupunguza vya pembeni, basi. Tena hupunguza zaidi sauti nyembamba. Mngurumo wa jenereta una mawimbi marefu mara nyingi kuliko mrija wenyewe, kwa hiyo hupenya.

Anayeamua ni umbali. Ukiisogeza maiki kutoka nusu mita hadi mita moja, sauti ya msemaji hushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, ilhali pangaboi na pikipiki za nje zinabaki vilevile. Ndiyo maana maiki ya bei ya kati iliyoning'inizwa kwenye fimbo, juu kidogo ya fremu, huishinda ya mamilioni iliyokaa juu ya kamera mita mbili kutoka mdomoni. Kama huna fimbo na stendi, anza na hizo.

Dhana: inayofaa nje itafaa ndani.

Hili limenigharimu. Nilimrikodi mwalimu mstaafu kwenye ukumbi wa ghorofani Mji Mkongwe: kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti iko juu huko, sakafu tupu. Nilipofika nyumbani kusikiliza, mzee wangu alikuwa kama anazungumza ndani ya birika. Mwangwi unaorudi kutoka ukutani na darini huingia kwa ile mianya ya ubavuni. Mrija unaukata kwenye sauti nyembamba na kuuacha kwenye nzito, sauti ikabadilika rangi. Chumbani, maiki fupi isiyo na mrija, ya aina ya haipakadioidi (inayosikia zaidi ya mbele kuliko ya pembeni), mara nyingi hutoa sauti ya kweli zaidi. Niliporudi kurikodi upya nilitandika mazulia na kusimamisha magodoro mawili nyuma ya kamera. (Kanga dirishani hazisaidii; nyepesi mno.)

Dhana: sponji iliyokuja na maiki inatosha kwa upepo.

Ndani, sawa. Forodhani wakati wa kusi, thubutu! Huko ni kifuniko cha manyoya, na ufukweni Paje afadhali maiki ikae ndani ya kikapu chake kilichovikwa manyoya. Upepo ukishapasua sauti, hakuna programu ya kuishona.

Dhana: ya bei kubwa ni jina tu.

Hapa nawapinga hata wabahili wenzangu. Maiki nyingi za kondensa (aina inayohitaji umeme, shotigani nyingi zikiwemo) zikiingiwa na unyevu huanza kukwaruza na kupasukapasuka, na masika yetu mnayajua. Sennheiser MKH 416 na Rode NTG5 zimeundwa kwa saketi ya masafa ya redio, ambayo huvumilia unyevu vizuri zaidi. Anayerikodi mashamba ya karafuu au ndani ya mashua atapata thamani ya pesa yake. Hata hivyo usizilaze wazi. Zifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa, pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu.

Na ule mvumo wa "shhh" nyuma ya maneno? Wengi huilaumu maiki, kumbe mara nyingi unatoka kwenye kikuza sauti dhaifu cha kamera. Maiki mpya haitauondoa wote. Isitoshe, MKH 416 hudai umeme wa volti 48 kupitia waya wa XLR (ule wa pini tatu), na tundu dogo la milimita 3.5 la kamera halitoi umeme huo. Rafiki yangu wa Wete hakuuliza hilo dukani. Maiki yake ilikaa kabatini miezi mitatu, ikingoja kinasa sauti chenye kutoa umeme huo.