Pesa zetu, hesabu zetu: dhana potofu kuhusu haki ya kupata taarifa India

Mwaka 1996, mjini Beawar katika jimbo la Rajasthan, wakulima na vibarua walikaa barabarani siku 40 wakidai kuonyeshwa vitabu vya serikali. Kaulimbiu ya harakati yao ilikuwa "Hamara paisa, hamara hisab". Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mkubwa hapa. Paisa ndiyo pesa yetu, na hisab ni hesabu. Pesa zetu, hesabu zetu.

Miaka tisa baadaye Bunge la India lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 12 Oktoba 2005. Kila ofisi ya umma ina ofisa aliyeteuliwa kujibu maombi ya taarifa. Ana siku 30, na kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu ana saa 48. Akichelewa bila sababu ya msingi anaweza kutozwa rupia 250 kwa kila siku, hadi rupia 25,000, na faini hiyo hutoka mfukoni mwake, si kwenye bajeti ya idara. Naipenda sheria hii, sifichi. Ndiyo maana naumia nikisikia inavyoelezwa vibaya, hata na watu wanaoitakia mema.

"Ilibuniwa na wasomi wa Delhi"

Wasomi walikuwepo. Aruna Roy, ambaye jina lake hutajwa kwanza, alikuwa ofisa wa ngazi ya juu serikalini hadi alipoacha kazi mwaka 1975. Lakini hoja yenyewe ilitoka kwenye koleo na karai. Chama cha vibarua na wakulima kinachojulikana kwa kifupi MKSS kilianzishwa mwaka 1990, na makao yake yalikuwa Devdungri, kijiji cha Rajasthan. Watu wa huko, nyakati za ukame, walifanya kazi za dharura za serikali: kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara. Wakalipwa chini ya kima cha chini cha sheria. Walipolalamika, waliambiwa kwamba daftari linaonyesha hawakumaliza kazi waliyopimiwa. Basi tuonyesheni hilo daftari. Haiwezekani, daftari ni siri ya serikali, na kulikuwa na sheria ya siri za serikali ya mwaka 1923, ya enzi za Mwingereza, ya kuegemea.

Kwa hiyo kibarua alipigwa na karatasi asiyoruhusiwa kuiona. Sijui msomi gani angeweza kulibuni hilo akiwa mezani kwake.

Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, MKSS waliitisha baraza la kwanza la wazi, jan sunwai kwa Kihindi, yaani wananchi kusikiliza shauri lao wenyewe. Nakala za hati za malipo zilisomwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Katika mabaraza hayo, mwaka baada ya mwaka, mtu alisikia jina lake limo kwenye malipo ya siku ambazo alikuwa mjini akihangaikia riziki. Wengine walisikia majina ya ndugu zao waliokwisha kuzikwa. Tanzania tunawaita wafanyakazi hewa. Kulikuwa pia na majengo yaliyolipiwa hadi paa ilhali hayana paa. Hakuna mhasibu aliyehitajika. Aliyebeba mawe anajua mawe yalikuwa mangapi.

Njia hii ilifika hata pwani yetu. Mwaka 2007 MUHURI, shirika la haki za binadamu la Mombasa, lilifanya ukaguzi wa kijamii wa fedha za maendeleo ya jimbo la uchaguzi, zile za CDF, huko Changamwe, likisaidiwa na watu walioijua kazi hiyo kutoka MKSS. Wakazi walishika nyaraka za miradi, wakaenda kuitazama miradi yenyewe kwa macho, kisha wakauliza maswali hadharani.

"Maskini halipi kodi, kwa hiyo hana la kuuliza"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na huisikii India peke yake. Kwenye mijadala ya watu wenye ajira za ofisini hurudiwa kana kwamba ni ukweli wa hesabu: wanaolipa kodi ya mapato ni wachache, hivyo serikali inawalisha wengine kwa jasho lao.

Kodi ya mapato kweli inalipwa na sehemu ndogo ya Wahindi. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2017 nchi nzima ina kodi ya bidhaa na huduma, ambayo mtu huilipa dukani bila kuulizwa mshahara wake. Mche wa sabuni ya kuogea ulitozwa asilimia 18 hadi Septemba 2025, kiwango kiliposhushwa kuwa asilimia 5. Mama anayeokota kuni na tajiri mwenye ghorofa walitozwa asilimia 18 ileile. Kwa mwenye kipato cha kutwa, hiyo ni sehemu kubwa zaidi ya alichonacho.

Aruna Roy hupenda kusimulia habari za mwanamke wa kijijini, mwenye elimu ndogo ya darasani, aliyeulizwa na waandishi wa habari kwa nini anahangaika na haki ya taarifa. Alijibu kwamba akimtuma mwanawe sokoni na rupia kumi, akirudi humdai hesabu. Serikali inatumia mabilioni kwa jina lake. Asiidai hesabu?

Hata tukiliacha suala la kodi kando, sheria haimuulizi mtu amelipa nini. Inamuuliza kama ni raia. Ada ya ombi kwa ofisi za serikali kuu ni rupia 10, na aliye chini ya mstari wa umaskini hatozwi kabisa.

"Lazima uwe mwandishi wa habari, au uwe na sababu nzito"

Hapana. Sheria inakataza ofisa kumdai mwombaji sababu. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na ofisa ana wajibu wa kumsaidia kuliweka ombi kwenye maandishi. Ukipeleka ombi ofisi isiyohusika, wao ndio wanaotakiwa kulihamishia panapohusika ndani ya siku tano. Ile habari ya "nenda dirisha lile" inakosa msingi wa kisheria.

"Ni barua ya malalamiko"

Hapa ndipo wengi hukwama, na ningependa kukaa kidogo.

Chukua mama aliyeomba kadi ya mgawo wa chakula, ile inayomwezesha kununua nafaka kwa bei ya serikali. Kila akienda anaambiwa njoo kesho. Akiandika "kwa nini mnaninyanyasa?" ofisa anaweza kumjibu kwamba hilo si ombi la taarifa, na kisheria atakuwa sahihi. Sheria inatoa haki ya kuona kilichoandikwa: jalada, mkataba, muhtasari, hati ya malipo. Haimlazimishi ofisa kueleza yaliyo moyoni mwake.

Basi anayejua huandika hivi: nipeni maendeleo ya ombi langu siku kwa siku, nipeni majina na vyeo vya maofisa waliokaa na jalada langu, na kila mmoja alikaa nalo siku ngapi, nipeni nakala ya kanuni inayosema kazi hii ichukue muda gani. Hakuna tusi hata moja, hakuna kuomba huruma. Ila kila mtu ofisini anajua jibu la swali la pili litakuwa na jina lake, kwa saini yake mwenyewe.

Watafiti wawili, Leonid Peisakhin na Paul Pinto, walilipima jambo hili kwa wakazi wa mitaa ya mabanda ya Delhi waliokuwa wakiomba kadi hizo. Waliotoa hongo walipata mapema zaidi ya wote. Waliotumia ombi la taarifa walifuata nyuma yao kwa karibu. Waliopeleka maombi ya kawaida na kungoja, wengi wao hawakupata kitu katika muda wa utafiti. Matokeo hayo nimeyarudia mara nyingi, kwa sababu yanamhusu mtu asiye na cha kuhonga.

Kuna jambo jingine ambalo hata wanasheria husahau. Haki ya taarifa India haiishii kwenye karatasi. Raia anaweza kukagua kazi inayoendelea, na anaweza kuchukua sampuli iliyothibitishwa rasmi ya vifaa vilivyotumika. Barabara ya kijiji imeanza kumomonyoka mvua ya kwanza? Omba mkataba, omba kitabu cha vipimo, kisha omba kipande cha hiyo barabara.

"Wakubwa hawaguswi, watasema ni siri"

Siri zipo, na nyingine zinastahili kuwepo. Usalama wa nchi umo, na mashirika ya ujasusi yametengwa. Lakini hata hayo, tuhuma zikiwa za rushwa au za kuvunja haki za binadamu, hayajafunikwa kabisa. Sheria hii pia inaishinda ile ya siri ya 1923 pale zinapogongana, na ofisi inaweza kutoa hata kilichozuiwa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara. Novemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ofisi ya Jaji Mkuu wa India nayo imo ndani ya sheria. Majaji walijiamulia wenyewe kuulizwa. Jambo hilo lina uzito wake.

Vyama vya siasa ndivyo vimegoma. Mwaka 2013 Tume Kuu ya Taarifa, inayosikiliza rufaa za walionyimwa taarifa, ilisema vyama sita vya kitaifa ni taasisi za umma zinazopaswa kujibu maombi, na vyama havikutii. Kwa upande wa fedha zao, mlango ulifunguliwa na mahakama: Februari 2024 Mahakama ya Juu ilifuta hati za uchaguzi, utaratibu ulioruhusu kampuni na watu kuvichangia vyama bila wapigakura kujua, ikisema unakiuka haki ya mpigakura ya kupata taarifa.

"Sheria ikishapita, imepita"

Ningetamani iwe hivyo. Mwaka 2010 Satish Shetty, aliyekuwa akitumia sheria hii kufichua ulaghai wa ardhi karibu na Pune, aliuawa. Mwaka huohuo Amit Jethwa, aliyekuwa akipinga uchimbaji haramu karibu na msitu wa Gir, alipigwa risasi jirani na Mahakama Kuu ya Gujarat. Kuna sheria ya kuwalinda wafichuaji iliyopitishwa mwaka 2014, lakini miaka ilipita bila kuanza kutumika. Kwenye tume za taarifa viti hukaa wazi, na rufaa hulala muda mrefu kiasi kwamba zile siku 30 hubaki kumbukumbu tu. Mwaka 2019 Bunge liliipa serikali kuu mamlaka ya kupanga muda na malipo ya makamishna, ambao awali sheria yenyewe iliwahakikishia miaka mitano. Kamishna anayesubiri masharti yake ya kazi kutoka kwa serikali ileile anayoihukumu hana uhuru uleule, hata awe mwadilifu.

Lakini badiliko ninaloliogopa zaidi lilikuja kwa jina zuri: ulinzi wa data binafsi, sheria ya mwaka 2023. Hapo awali taarifa binafsi iliweza kuzuiwa kama haina uhusiano na shughuli za umma, au kama kuitoa ni kuingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki. Sheria mpya iliondoa masharti hayo. Sasa ofisa anaweza kuzuia taarifa kwa kuwa tu ni ya mtu binafsi, na mwombaji ndiye abebe mzigo wa kuonyesha manufaa ya umma.

Faragha ni haki, na sitaki kuidharau. Rekodi za hospitali za jirani yangu hazinihusu. Ila fikiria orodha ya waliolipwa ujira katika mradi wa bwawa, au orodha ya kaya zilizopewa nyumba. Ukifuta majina, kinachobaki ni safu ya tarakimu, na tarakimu hizo hujumlishika vizuri hata kama nusu ya waliolipwa wako makaburini. Mkandarasi atakuwa salama kabisa nyuma ya faragha ya marehemu.

Kule Kot Kirana hapakuwa na ukaguzi wa tarakimu. Mtu alisoma orodha kwa sauti, jina baada ya jina, na aliyesikia lake alisimama.