Mikrobiomu ya ngozi ya chura: kinachobadilika kiluwiluwi anapoota miguu

Mikrobiomu ya ngozi ni jamii nzima ya bakteria na vijidudu wengine wanaoishi juu ya ngozi ya kiumbe. Binadamu anayo, ng'ombe anayo. Ya chura ina uzito wa pekee, kwani chura hupumua kwa ngozi na hunywa maji kwa ngozi hiyohiyo, tena haina magamba wala manyoya.

Mtoto wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliyewahi kuinama kwenye mabwawa ya samaki ya Kabare jirani, au kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, anawajua viluwiluwi: kichwa na mkia tu, wakikwangua mwani kwenye mawe. Bakteria wao wengi hutoka majini, lakini si kila aliyemo majini hupata makao. Bakteria walio haba bwawani huweza kujaa ngozini, na waliojaa bwawani wakakosekana kabisa. Ute wa ngozi huchagua.

Kisha homoni ya thiroidi, kemikali ya mwili inayoamuru mageuzi haya, hupanda, na mwili mzima hugeuka. Miguu huota, mkia hufyonzwa, matamvua hutoweka, utumbo mrefu wa mla mwani hufupika ukawa wa mla wadudu. Ngozi nayo hujengwa upya. Tabaka la juu hupata keratini, ile protini iliyo kwenye kucha zetu, na tezi hukomaa zikaanza kumwaga protini fupi zinazoua vijidudu. Moja kati ya hizo, magainini, ilitangazwa mwaka 1987 na Michael Zasloff, aliyeipata kwenye ngozi ya chura wa Afrika, Xenopus laevis. Chura pia hujichuna ngozi ya juu mara kwa mara, akaila, na bakteria wengi huondoka nayo.

Ni rahisi kudhani bakteria hubadilika kwa sababu chura ametoka majini kuja nchi kavu. Hilo lina sehemu yake, ila kwangu ngozi yenyewe ndiyo sababu kubwa zaidi. Xenopus huishi majini hata akiwa mzee, na bado bakteria wa kiluwiluwi wake si wale wa mkubwa.

Hapo katikati ndipo penye hatari. Kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999, hushambulia palipo na keratini. Kiluwiluwi anayo mdomoni tu, kwa hiyo mara nyingi huibeba bila kufa. Akishageuka, ngozi yote inakuwa wazi kwa kuvu, wakati kinga ya mwili bado inajipanga na bakteria wapya hawajatulia. Bakteria hao wana kazi kweli: Janthinobacterium lividum, kwa mfano, hutoa violaseini, rangi ya zambarau inayoizuia kuvu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 iliihusisha kuvu hii na kupungua kwa aina 501 za amfibia (vyura na jamaa zao) duniani, 90 zikidhaniwa kuwa zimetoweka. Mashariki mwa Kongo imeshapatikana kwa vyura wadogo wa jenasi Hyperolius.

Kwa hiyo anayepima ngozi za vyura wa mabwawa ya Kahuzi-Biega au Itombwe, hifadhi za huko huko mashariki, hawezi kutosheka na wakubwa peke yao. Chura husuuzwa kwanza kwa maji yaliyotakaswa, ili bakteria wapita njia waondoke, kisha hupanguswa tumboni, mapajani na katikati ya vidole kwa kijiti chenye pamba. Kiluwiluwi hupanguswa na mdomo pia, maana kuvu hujificha humo.