Je, wajua kwa nini meya mmoja aliahidi pauni 1 kwa kila mtoto mchanga?

Hii ilitokea Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu kule Uingereza. Mwaka 1904 Benjamin Broadbent anapata umeya, anatangaza kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa mtaa wa Longwood yeye akiwa meya, akifikisha mwaka mmoja yuko hai anapewa pauni 1. Na si hela ya pipi hiyo, kibarua alikuwa anaihangaikia kama wiki nzima.

Sasa mbona mtu alipwe kwa kutimiza mwaka tu? Kwa sababu wengi walikuwa hawafiki. Mwaka 1901 England na Wales, kwenye kila watoto 1,000 kama 150 walikufa kabla ya birthdei ya kwanza, na ndo Waingereza hao hao waliokuwa wanakuja huku kutufundisha usafi. Wapo waliozaliwa njiti, wapo waliokufa kwa nimonia na kifaduro, ila kuhara ndo kulikuwa na msimu wake kabisa, Julai mpaka Septemba, yaani mwaka wa joto kali kama 1911 makaburi ya watoto yanajaa, mwaka wa baridi na mvua afadhali.

Chanzo nini? Usafiri wa mjini ni farasi, mavi yamejaa mazizini na barabarani, vyoo vingi ni vya ndoo, nzi anatoka huko anatua kwenye jagi la maziwa na friji hakuna. Halafu kulikuwa na zile chupa za mrija mrefu wa mpira, mtoto analazwa nayo anajinyonyea mwenyewe mama akiendelea na kazi, na ule mrija ndani hausafishiki hata ufanyeje. Wa ziwa la mama walipona zaidi, wa chupa ndo walikuwa wanaondoka.

Ukiniuliza mimi, ile pauni ilikuwa chambo tu cha kufanya wazazi waripoti mtoto mapema. Kisheria mzazi alikuwa na siku 42 za kuandikisha mtoto, kwa hiyo bwana afya anapata taarifa wakati mwingine mtoto keshazikwa. Longwood wakaanza kujua mapema, kinamama wa kujitolea wanapita nyumbani, wanahimiza kunyonyesha, wanarudi tena. Vifo vikashuka mpaka 44 kwa 1,000. Ni mtaa mdogo, watoto mia na kitu tu, kwa hiyo usiibebe sana hiyo namba, lakini mwaka 1906 Huddersfield wakapata sheria yao ya kuripoti kila uzazi ndani ya saa 48, mwaka 1907 ikaja ya nchi, saa 36, ila kila halmashauri ilijiamulia kuifuata au kuiacha, hadi 1915 ndo ikawa lazima kwa wote.