Picha ya busu: yanayosemwa na yalivyo

"Busu zuri halipangwi, linanaswa tu."
Wanaosema hivi hupenda kutaja picha ya wapenzi wanaobusiana karibu na jengo la manispaa ya Paris, aliyoipiga Robert Doisneau mwaka 1950 kwa ajili ya Life, jarida la Marekani. Kumbe ilipangwa. Wawili wale walikuwa wapenzi kweli, wanafunzi wa uigizaji, ila aliwaomba wabusiane mbele ya kamera. Ukweli huo ulijulikana kwenye kesi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hamu ilikuwa yao. Mahali na saa ni vya mpiga picha.

"Midomo lazima igusane."
Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Midomo ikikandamizana hubinuka, mashavu hujikunja, pua hubanana, na uso mmoja humeza mwingine. Hamu huonekana zaidi ukibaki upenyo wa sentimita moja au mbili.

Waambie wapenzi wasogeleane polepole, kila mmoja akiinamisha kichwa kidogo kuliani kwake ili pua zipishane. Wasite kabla ya kugusana, wavute pumzi, kisha midomo iguse kwa wepesi kama ya mtu anayeonja chai ya moto. Macho yafumbwe bila kukazwa. Yakikazwa, mtu huonekana anaumwa jino. Piga mfululizo, fremu 8 hadi 10, na usishushe kamera wakiachana: tabasamu linalowaponyoka hapo mara nyingi hulishinda busu lenyewe.

Mikono nayo isining'inie. Kidole gumba kikae chini ya sikio, vinne nyuma ya shingo, lakini uwe mkono ulio mbali na kamera. Ule wa karibu utafunika taya, na busu halitaonekana.

"Fungua apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) mpaka mwisho, mandharinyuma yayeyuke."
Yatayeyuka, na uso mmoja pia. Lenzi ya mm 85 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), ukiwa mita 2, kwa f/1.8, yaani apecha iliyo wazi sana, hukupa takriban sentimita 6 tu za kina zinazoonekana bila ukungu. Mmoja wao akisogea nyuma kidogo, kope zake zimeingia ukungu. Kwa f/4, apecha ikiwa ndogo zaidi, unapata kama sentimita 13. Simama ubavuni mwao, nyuso zote ziwe umbali sawa, lenga jicho la karibu, na spidi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, maana watu wanaobusiana huyumba.

Kwa simu, rudi nyuma utumie lenzi ya 2x au 3x. Ukiwasogelea kwa lenzi pana, pua itatangulia mapenzi.

"Wakionekana wanabusiana, basi wote wametaka."
Picha ya baharia na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, aliyoipiga Alfred Eisenstaedt katika Times Square, New York, tarehe 14 Agosti 1945, ilisifiwa kwa miongo kama picha ya mahaba. Greta Zimmer Friedman, anayeaminika kuwa ndiye mwanamke huyo, alieleza baadaye kwamba hakuchagua kubusiwa; mtu asiyemjua alimshika tu. Itazame tena mikono ya mwanamke.

Na kukubali kupigwa picha si kukubali ibandikwe mtandaoni. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinagusa pia picha inayomtambulisha mtu. Muulize kila mmoja peke yake, kabla ya kazi, zipi ziende Instagram na zipi zibaki kwenye albamu ya chumbani.