Magurudumu ya mpira hayakukingi: dhana potofu kuhusu stima ya karavani kuukuu

Karavani kuukuu iliyotoka Uingereza ikiegeshwa pale Dunga, Kisumu, ikapakwa rangi na kuwa kibanda cha samaki na chipsi, mwenyewe atataka stima mapema. Volti za kwao zinakaribiana na 240 zetu, basi inaunganishwa bila maswali. Matata huja baadaye, na hapo kila mpita njia ni fundi.

"Iko juu ya mpira, haiwezi kumshika mtu."
Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mpira hauzuii stima kuingia kwenye bodi ya karavani, unaizuia kutoka. Waya wa moto uliochubuka ukigusa fremu ya chuma, na waya wa ethi (ule wa ardhini) uwe umekatika, bodi nzima hukaa na volti 240 huku taa zikiwaka kama kawaida. Mpishi aliye ndani huenda asisikie chochote. Atakayeumia ni mteja aliyesimama kwenye matope baada ya mvua, akishika mlango, kwa sababu yeye ndiye njia ya stima kwenda ardhini. Mtu akikwambia bodi inamtekenya vidole, usicheke. Zima stima kule inakotoka, chomoa kebo, mtafute fundi.

"Breka ipo, tuko salama."
Breka hulinda waya. Ile ya ampea 16 haitashtuka kwa mkondo wa kumuua mtu, ambao hauhitaji kufika hata ampea moja. Anayelinda watu ni RCD, swichi ya usalama inayokata stima ikiona takriban miliampea 30 zimepotea njiani. Kubonyeza kitufe chake cha majaribio ni vizuri, ila hakukwambii kama ethi iko sawa.

"RCD inakata ovyo, imeharibika. Itoe."
Tafadhali, usiitoe. Mara nyingi inasema kweli. Chomoa kila kifaa. Usizime swichi tu, maana swichi nyingi hukata waya mmoja na kuacha wa pili umeunganika. Rudisha RCD, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja. Washukiwa wangu wa kwanza ni hita ya maji na friji ile ya gesi na stima: vikikaa muda bila kutumika, unyevu huingia kwenye koili zake za joto. Kitakachoangusha RCD kiweke kando. Ikikata hata kama hakuna kilichochomekwa, kosa liko kwenye nyaya au soketi, na hapo kazi yako imeisha. Muite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) aje na kipimo chake.

"Testa haijawaka, hakuna stima."
Bisibisi yenye taa hutegemea mwili wako ili iwake. Ukivaa viatu vikavu juu ya sakafu ya mbao inaweza kufifia, na kwenye jua la saa saba huioni kabisa. Fundi makini hutumia kipimo cha ncha mbili: anakijaribu kwanza mahali anapojua pana stima, anapima pale anapotaka kushika, kisha anarudi pale pa kwanza kuhakikisha kipimo hakijafa katikati.

"Nimechomoa kebo, imekufa."
Labda. Kama kuna sola na inveta (kigeuzi cha stima ya betri), soketi zinaweza kuendelea kupata 240 kutoka kwa betri. Taa za volti 12 nazo zitawaka hata stima ya nje ikizimwa, hivyo taa haikuelezi lolote.

Rangi za nyaya pia zisikupe ujasiri. Zamani nyekundu ilikuwa moto, nyeusi nyutro (waya wa kurudisha stima) na kijani ethi. Sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye manjano. Karavani iliyopitia mikono mingi huwa na mchanganyiko.

"Kebo ndefu ibaki kwenye rili, ni nadhifu."
Kikaango cha wati 3,000 huvuta ampea 12.5. Kebo iliyokunjwa haina pa kutolea joto, na plastiki yake huyeyuka. Ikunjue yote, hata kama nusu yake italala bure chini ya karavani.